Barua ya Daktari na Mbuzi wa Mukurweini

Ng'ombe wetu Karembo alikufa mchana kweupe, hatua chache kutoka pale nilipokuwa nimekalia kreti ya soda, nikivuna mahindi kwenye simu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu nimesoma simulizi za wagonjwa zinazoanza na dalili, ukafika ukurasa wa mwisho hujaambiwa ni nani aliyeumizwa. Katika simulizi yangu wako walioumizwa, na ng'ombe alikuwa wa kwanza tu.

Jina langu ni Gichuki, mtu wa Tetu. Nina pikipiki na mtungi wa kuhifadhia mbegu za fahali, na ng'ombe akihitaji dume, mwenye boma hunipigia simu nije nimpandishe. Ng'ombe akishindwa kuzaa pia huitwa mimi, maana daktari mwenyewe wa mifugo yuko mbali na ana kazi nyingi. Kwa hiyo watu huniita Daktari, jambo ambalo sikuwahi kulikataa. Nimeingiza mkono huu katika ng'ombe wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nikageuza ndama waliokaa vibaya, nikanywa chai na wenye boma baada ya kunawa.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa shamba. Naomba usicheke, ingawa hata mimi nimecheka. Mtu ana ekari mbili za udongo mwekundu, ana chai, ana ng'ombe wa maziwa, kisha anakaa chini kulima shamba la kwenye simu. Lakini katika shamba lile mvua haikosi, na ng'ombe hanyi. Ukipanda, unaona kinaota. Usiporudi kwa wakati kinanyauka, kwa hiyo unarudi. Nilianza nikisubiri wateja, nikaendelea nikiwa na wateja wanaonisubiri mimi. Nilifika mahali nikawa naegesha pikipiki kando ya barabara ya Ihururu nimwagilie nyanya, huku mtu ananipigia, namkatia kwa kuwa simu yake ilikuwa inafunika nyanya zangu.

Siku ile ya Aprili mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Karembo alikuwa ameanza kusukuma. Mke wangu Wairimu alikuwa ameenda kwenye mkutano wa chama cha wanawake, akaniacha na neno moja: "Baba Wangechi, hiyo ng'ombe usiiondolee macho." Nikaweka kreti kando ya boma. Binti yetu Wangechi, ambaye ana jina la mama yangu na kwa hiyo mimi humwita mami, alikuwa anacheza hapo karibu. Alikuwa na miaka mitano.

Alikuja akaniambia, "Baba, Karembo amelala vibaya."

Nikasema, "Nakuja, mami."

Akarudi tena. "Baba, tumbo yake imekuwa kubwa."

"Nakuja."

Mara ya tatu alinishika mkono wa shati akavuta, nami nikautoa mkono wake kwenye shati langu. Sikumpiga wala sikumfokea. Niliutoa tu, kama mtu anavyoondoa jani lililomwangukia. Mahindi yalikuwa yamebaki mistari miwili.

Nilipoinuka, Karembo alikuwa ameanguka ndani ya mtaro, kichwa upande wa chini, amejaa gesi, macho yamekauka. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa umekunjika nyuma. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya dakika kumi, nimeifanya hata kwa tochi na mvua inaninyeshea mgongoni. Niliingiza mkono, na ndani mlikuwa kimya. Ndama naye alikuwa ameenda.

Karembo hakuwa wangu hasa. Alikuwa mtamba aliyetolewa na baba mkwe wangu, Mzee Kariithi wa Mukurweini, alipokuja kumwona mjukuu. Wairimu alirudi, akaniona nimeketi matopeni, akamwona mtoto amesimama pale. Wangechi ndiye aliyesema. Alisema, "Nilimwita Baba mara tatu." Asubuhi iliyofuata Wairimu alifunga nguo zao katika mabegi mawili, akaenda kwao na mtoto. Sikumzuia, kwa sababu ningemzuia na nini?

Mama yangu alisema nimerogwa na simu, akaita kikundi cha maombi. Walikuja watano wakaniwekea mikono. Baba mdogo Ndirangu, anayesimamia mambo ya ukoo wetu tangu baba afariki, alisema ni uvivu na kwamba dawa yake ni jembe. Nilizika ng'ombe mwenyewe, nikalima hadi viganja vikachubuka, na jioni nikawa ninacheza kwa viganja vilivyochubuka. Hapo ndipo niliogopa kweli. Nilikuwa nimepoteza mke, mtoto na ng'ombe, na bado moyo ulikuwa unaniuliza kama nyanya zimeiva.

Mwezi wa sita nilienda kliniki ya akili mjini Nyeri. Kibaridi cha ukungu kilikuwa kimeshuka, kile kinachokaa hadi Agosti bila kuonyesha jua. Kuna benchi refu la mbao kwenye ujia, limeng'arishwa na makalio ya watu. Kina mama huja na chai kwenye chupa, humpa mgonjwa, humfunga skafu. Wengine wetu tulikaa tumegeuza nyuso ukutani ili tusijulikane. Nikasikia sauti nyuma yangu:

"Daktari! Kwani huku kuna ng'ombe?"

Alikuwa Mzee Wachira, mteja wangu. Nikamwambia nimeleta mtu.

"Ata mimi nimeleta mtu," akasema, akakaa kando yangu.

Tulikaa saa mbili tukiongea juu ya bei ya chakula cha ng'ombe, na hakuna mtu aliyekuja kukaa nasi. Kisha sista akatoka na faili mbili akaita majina yetu yote mawili kwa pamoja. Wachira aliniangalia, akaguna, akasema, "Haya, tupeleke watu wetu." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Aprili, na machozi yakanitoka palepale.

Daktari alikuwa mwanamke kijana kuliko mimi. Aliniuliza kuhusu usingizi, chakula na mwili. Suruali zilikuwa zinanianguka. Dole gumba la kulia lilikuwa limevimba kwenye kifundo, hata kusukuma mrija wa mbegu kuliniuma. Aliniuliza kama nimewahi kujaribu kuacha, nikamwambia niliacha mara saba, mara ya mwisho kwa nusu siku. Alipomaliza kuandika nikamwomba jambo moja lililokuwa limenileta.

"Nataka jina," nikasema. "Na unipe barua iko na hilo jina."

Hapa lazima nieleze. Kwetu, mke akirudi kwao, mume haendi kumchukua kama mtu aliyesahau mwavuli. Anapeleka wazee, na wazee wa pande zote mbili wanakaa chini kupima: je, hili ni kosa ama ni taabu? Kosa lina mbuzi. Unampeleka, analiwa, mambo yanaisha. Taabu haina mbuzi. Mtu akipigwa na taabu anahurumiwa, anachangiwa, na hakuna anayemuuliza kwa nini. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu kwenye ukungu ule, nikaona kwamba nikifika Mukurweini na barua ya hospitali, nitawekwa upande wa taabu. Nilitaka kuwekwa hapo kuliko nilivyotaka kupona.

Daktari aliweka kalamu chini. "Wacha nikuambie ukweli. Kuna vitabu viwili tunatumia. Kimoja kimekubali hii yako ni ugonjwa. Kingine kinasema ingoje, bado inaangaliwa."

"Sasa mimi ni mgonjwa kwa kitabu gani?"

"Wewe uko vilevile kwa vyote viwili," akasema. "Hujalala, hujakula, bibi ameenda. Lakini niambie, nikikupatia jina utalifanyia nini?"

Swali hilo nililijua kutoka upande wa pili. Mkulima akiniita, ng'ombe amelala baada ya kuzaa, hataki kuinuka, namchoma sindano ya madini ya kalsiamu. Akiinuka, namwambia mwenyewe ilikuwa homa ya maziwa. Asipoinuka, natafuta jina lingine. Jina mara nyingi hunijia baada ya dawa. Na nisipojua kabisa, husema kwa sauti nzito kwamba ni upungufu wa madini, na mkulima hushusha pumzi, kwa sababu upungufu wa madini si yeye. Si kwamba alichelewa kumlisha, wala kwamba alinunua chakula cha bei rahisi. Ni madini. Nimewafariji watu wengi kwa jina hilo, na sasa nilikuwa nimekuja kutafuta la kwangu.

Nilimweleza hayo. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniandikia barua. Ilikuwa na mistari minne na muhuri. Ilisema ninatibiwa ugonjwa wa kushindwa kujizuia na michezo ya simu. Niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia ya mama.

Matibabu yenyewe hayakuwa na maajabu. Niliacha simu ile kliniki, nikarudi nyumbani na kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyo na kitu ila kupiga na kupokea. Wiki tatu za kwanza nilitoka jasho kwenye baridi ya Julai. Mkono ulikuwa unaenda mfukoni peke yake, unakuta kabambe, unarudi. Nilimgombeza mama kwa sababu uji ulikuwa na moto, nikaona aibu, nikatoka nje nikakaa na ndoo tupu za maziwa. Mama alikuja akakaa kando yangu na kikombe kipya. Hakuomba wala hakuhubiri. Alipuliza uji mpaka ukapoa, akanipa. Nakumbuka hilo kuliko dawa yoyote.

Alhamisi kulikuwa na kikundi. Tulikuwa wanane katika chumba chenye viti vya plastiki. Mmoja alikuwa wa kamari, wengine wa pombe, Wachira akiwamo, na mimi. Siku ya kwanza nilipoeleza yangu, mmoja aliuliza, "Ati unaugua mahindi?" Wakanipa jina la Mkulima. Sikukasirika, kwa sababu ndani ya kicheko kile hapakuwa na aliyehama kiti kunikwepa. Nilipowaonyesha barua, nikiwa na majivuno kidogo, Wachira aliishika mbali na macho, akaisoma, akanirudishia.

"Yangu imeitwa ugonjwa tangu zamani," alisema. "Iko kwa vitabu yote. Na bado bibi ananiita mlevi. Na unajua nini, Daktari? Mimi ni mlevi."

Sikumsikiliza. Agosti ilipokaribia kwisha, nilimwomba baba mdogo Ndirangu na mzee mwingine mmoja wanipeleke Mukurweini. Ndirangu aliuliza kama tutapeleka mbuzi, nikamwambia hapana, tuna barua.

Mzee Kariithi alitupokea vizuri. Tulikula ndizi na nyama, tukanywa chai. Wairimu alileta chai bila kuniangalia, akakaa karibu na mlango wa jikoni. Alikuwa amekonda, na kuona hivyo kuliniuma, maana nilidhani ni mimi peke yangu niliyekonda. Ndirangu akasema tulichojia, akatoa barua. Shemeji yangu akaisoma kwa sauti, polepole. Mama mkwe alisema, "Woi, kumbe ni mgonjwa," na sauti yake ikawa na huruma. Nikajua nimeshinda.

Mzee Kariithi aliichukua barua, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akaiweka juu ya meza.

"Gichuki, niko na swali. Kama ni ugonjwa, hukunikosea."

Niliitazama barua pale mezani.

"Si ndiyo? Mtu mgonjwa hawezi kuulizwa. Sasa mimi nikusamehe nini? Mimi nilikuwa nimejitayarisha kukusamehe. Hata nilikuwa nimeongea na hawa wazee. Lakini hii karatasi inasema hakuna kitu." Aligeuka akamwangalia binti yake. "Na yeye naye? Mtoto alivuta shati ya nani? Ya ugonjwa?"

Nilimwangalia Wairimu, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyengoja kitu kwa muda mrefu akaletewa kingine.

"Rudini nyumbani," Mzee Kariithi akasema kwa upole. "Mukijua mumeleta nini, mtarudi. Chakula mtapata."

Nilikaa na maneno yale miezi miwili. Nilimchukia kwanza, sitaficha. Kisha nikamchukia daktari, kwa barua, na nikakosa Alhamisi mbili. Wiki ya pili nilisimama dukani, pale Gichira, mwenye duka akaweka simu yake juu ya kaunta, na pale kwenye kioo nikaona mchezo ule ule, na ng'ombe wake wa rangi ya waridi. Nilisimama nikiangalia hadi chumvi niliyonunua ikalowa kwa jasho la mkono. Nikatoka nikatembea kwa mguu hadi kliniki Nyeri, haikuwa hata siku ya miadi. Sista alinipa kiti. Sikufanya kitu siku ile ila kukaa kwenye kile kiti mpaka tamaa ikapita, kisha nikarudi nyumbani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mzee hakukataa ugonjwa. Mkono wangu ulitoka jasho dukani bila ruhusa yangu, na huo ulikuwa ugonjwa, hata kitabu cha pili kikingoja mpaka kichoke. Lakini siku ya Karembo mkono uliotoa kiganja cha mtoto kwenye shati ulikuwa wangu. Nilimsikia. Nilisikia mara zote tatu. Nilipomwambia daktari hivyo, hakunibishia na hakunipa jina jipya. Alisema, "Hiyo sasa si yangu. Hiyo peleka kwa wenyewe."

Novemba, kahawa ikiwa imeiva na watu wamejaa viwandani na magunia yao, tulirudi Mukurweini. Nilienda na beberu mweusi mtupu, niliyemlea mwenyewe tangu Septemba, na barua mfukoni. Safari hii nilisema mwenyewe. Nilisema mimi ni mgonjwa, ninatibiwa, na inaweza kunirudia. Nilisema pia kwamba nilimkosea Wairimu, nikamkosea mtoto, nikamkosea mzee aliyenipa ng'ombe, na kwamba mbuzi ni wa hilo la pili.

Mzee Kariithi akaanza kujibu. Kwetu baba mkwe akisema, mkwe haondoki. Hata kikohozi unakimeza. Alikuwa amefika mahali pa kusema lile lililotuleta, Ndirangu ameinama mbele asikie, ndipo Wangechi akatokea mlangoni. Alikuwa amekuwa mrefu. Alinitazama kama mtu anayejaribu maji kwa kidole.

"Baba," akasema. "Kuja uone."

Nilisimama. Sikumwomba mzee ruhusa. Nilijua ninachofanya, nilijua huenda nimeharibu yote. Nilisikia Ndirangu akinong'ona, "Wee Gichuki!" nikawa nimeshatoka.

Alinipeleka hadi kwenye ngazi za jikoni akakaa, akanyoosha mguu. Alitaka nione kwamba amejifunza kufunga kamba za viatu. Alizifungua, akazifunga, zikalegea. Akazifungua tena. Alichukua muda wake, ulimi umemtoka kwa pembeni, nami nikachuchumaa kwenye udongo uliolowa nikitazama vidole vile kila vilipopita. Mara ya nne fundo lilishika.

"Umeona?"

"Nimeona, mami."

Nilipoinua kichwa Wairimu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alipita kando yangu akaingia sebuleni, na nikamsikia akimwambia baba yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, hiyo mbuzi ichinjwe."

Hakurudi siku ile. Alirudi shule zilipofungwa, na mwezi wa kwanza alinitaka niondoke chumba cha kulala nikalale kwa mama, nikaondoka. Mambo mengine bado hatujayaongelea. Bado naenda kliniki, sasa mara moja kwa mwezi, na hukaa na Wachira kwenye benchi letu. Akiuliza mtu, husema tumeleta watu. Kabambe yangu ina kioo kilichopasuka na sitaki nyingine.

Wewe unayesoma hii ukiwa na simu mkononi, labda hata sasa hivi unaona aibu kwa sababu ugonjwa wako hauna damu wala homa, nenda. Kaa kwenye benchi. Waombe jina kama unalihitaji. Mimi langu lilinifikisha kwenye kiti siku ambayo ningeanguka. Lakini usilipeleke kwa uliyemuumiza ukidhani litakusemea.

Wangechi ana miaka saba sasa. Tuna mtamba mwingine, wa kununua, na mtaro niliufukia. Juzi nilikuwa juu ya paa nikipiga misumari, mvua inakuja, na akaniita kutoka chini. Nilimuuliza ni nini, akasema si kitu, alikuwa anajaribu tu. Nilikuwa nimeshafika nusu ya ngazi.